Huduma ya kumtafutia mzazi mtu wa kuishi naye: nyota tatu na nusu, na nyota moja niliipoteza mwenyewe

Naandika nikiwa nimeitumia hii huduma miezi kumi na tatu, maana maoni mengi niliyoyasoma kabla ya kujiunga yaliandikwa wiki ya kwanza watu bado wana furaha ya kupata chumba, au yaliandikwa siku ya ugomvi. Jina la kampuni silitaji, nina malalamiko nayo na bado mama yangu yumo kwenye mkataba wao. Ila za aina hii zipo nyingi na zinafanana sana, kwa hiyo hata kama yako ni nyingine mengi utayatambua.

Kwa asiyejua: kuna mtu ana nyumba, mara nyingi ameshastaafu, vyumba vimebaki vitupu. Kuna mwingine anatafuta pa kuishi na kodi imemshinda. Kampuni inawakutanisha. Anayehamia analipa kidogo au halipi kodi kabisa, badala yake anatoa masaa ya kusaidia, hawa wetu wanasema masaa kumi kwa wiki, vitu vidogo vidogo, kwenda naye dukani, kubadilisha taa iliyoungua, kupiga stori, na awe analala hapo siku nyingi za wiki. Sio yaya na sio nesi. Kuogesha mtu, kumpa dawa, kumnyanyua kitandani havimo kabisa, ukivihitaji tafuta huduma ya namna hiyo na usijidanganye kwamba mpangaji atazoea tu. Pande zote mbili zinailipa kampuni ada ya kila mwezi.

Sasa sisi. Baba alifariki miaka minne iliyopita. Mama ana miaka 71, nyumba ina vyumba vinne, miguu mizima, ulimi mzima zaidi. Watoto tuko watatu na ukituangalia utadhani tumetumwa kuwakilisha kila rika. Kaka ana 48, ametalikiana, anaishi peke yake kwenye chumba na sebule na anasema tangu azaliwe hajawahi kulala vizuri hivi. Mi nina 43, mume, watoto wawili, vyumba viwili, bafu moja. Mdogo wetu wa mwisho ana 29, anaishi na wenzake watatu kwenye nyumba ambayo friji ina karatasi ya jina la mtu kwenye kila rafu. Kila mmoja ana sababu yake ya kutoishi na mama na kila sababu ni ya kweli, hapo ndo pagumu.

Tulijaribu kwanza yale ya kawaida. Mama akaja kwangu. Alikaa wiki tano. Mwanangu mmoja alihamia sebuleni, mama akawa anaamka saa kumi alfajiri na kutembea kwa kunyata ili asituamshe, na kule kunyata ndo kulikuwa kunatuamsha, mlango ukifunguliwa polepole unalia kuliko ukifunguliwa kawaida. Hakugombana na mtu hata siku moja. Siku ya kuondoka akaniambia, "Mwanangu, kwako mimi ni mgeni asiyeondoka, na mgeni asiyeondoka hata yeye mwenyewe anajichoka." Akarudi kwake.

Kaka tukamwambia arudi nyumbani, akasema ana miaka 48 hawezi kurudi kulala kwenye chumba ambacho kabati lina stika zake za darasa la sita. Nilimwelewa ila pia nilimwona ana aibu isiyo na maana, kwa sababu hii habari ya mtu mzima anatakiwa awe ameshaondoka kwao akifika miaka fulani hakuna aliyeiandika popote. Angalia Ulaya tu, takwimu za Umoja wa Ulaya za watoto kuondoka kwa wazazi, Finland wanaondoka kwa wastani wakiwa na miaka 21 hivi, Kroatia wanapita 30, bara moja hilo. Marekani mwezi Julai 2020, wakati wa korona, kituo cha utafiti cha Pew kilikuta zaidi ya nusu ya watu wa miaka 18 hadi 29 wanaishi na mzazi. Yani nchi ambayo watu wanaitolea mfano wa kujitegemea. Nilimtumia kaka haya yote, akanijibu na kidole gumba tu.

Mdogo wetu ndo alikuwa tayari kurudi, tena kwa moyo mweupe, mama akakataa yeye. Akasema huyu akirudi hapa nitakuwa namsubiri dirishani kila usiku mpaka nife, akiwa huko kwao sijui anarudi saa ngapi na nalala.

Basi ndo nikaikuta hii kampuni kwenye intaneti. Picha ya mbele, kijana anacheka na bibi anacheka, katikati yao mmea kwenye kopo. Kumbuka hiyo picha, nitairudia.

Nikajaza fomu. Mimi. Usiku, kwenye simu, mama hayupo. Hapo ndo pa kwanza palipoharibika na hakuna wa kumlaumu ila mimi na urahisi waliouweka, kwa sababu kitufe cha "Namjazia mzazi wangu" ni kikubwa kuliko kitufe cha mzazi mwenyewe.

Fomu ina kurasa tisa. Kwanza unachagua rika, 18–29, 30–44, 45–64, 65 na kuendelea, na ukishachagua maswali yanabadilika. Hili nililigundua baadaye mdogo wangu alipojaribu kujaza kama mtafuta chumba. Wa 18–29 anaulizwa unarudi saa ngapi, unaleta wageni, unavuta sigara, unafungulia muziki kwa sauti. Wa 65 anaulizwa unatembea mwenyewe, unasahausahau, umeshawahi kuanguka, apigiwe simu nani. Yani kijana anaulizwa atasumbua vipi na mzee anaulizwa ataharibika vipi. Mama yangu anafungulia redio ya taarifa ya habari mpaka saa saba usiku na anaijibu. Hakuna swali hata moja kwenye zile kurasa tisa ambalo lingeibua hilo.

Kwenye "angependa kuishi na mtu wa rika gani" nikaweka tiki 18–29, nikijua kijana ana nguvu na anajua simu. Halafu kuna kiboksi kidogo chini, "familia ipokee taarifa za kila siku". Nikaweka tiki na hapo, tena kwa furaha.

Uhakiki wao niwasifu, ni wa kweli. Kitambulisho, wadhamini wawili ambao wanapigiwa simu kweli (mdhamini wa binti wa kwanza aliniambia walimhoji nusu saa), hati ya polisi ya kutokuwa na makosa, halafu mtu anakuja kuikagua nyumba. Alijaribu taa zote, akaangalia ngazi, akauliza tunatokaje moto ukiwaka jikoni. Akasema lazima chumba cha anayehamia kiwe na komeo la ndani, na cha mama pia. Mama akasema ameishi nyumba hii miaka mingi hajawahi kujifungia. Yule mkaguzi akamjibu, "Si lazima ujifungie mama, lakini uwe na uwezo wa kujifungia." Nikaona hawa watu wanajua kazi.

Mkataba usomeni wote, na usome wa upande wa pili pia. Anayehamia hahesabiwi kuwa mpangaji wa kawaida, anaishi ndani ya nyumba ambayo mwenyewe anaishi humohumo, na sehemu nyingi sheria inampa mtu wa namna hiyo kinga ndogo kuliko mpangaji aliyekodi nyumba nzima. Kwa mkataba wetu kila upande unaweza kutoa notisi ya mwezi mmoja bila kueleza sababu. Kaka alifurahi sana kusoma hicho kipengele kwa sababu hofu yake ilikuwa mtu atakuja kudai nyumba ya baba. Mi niliposoma mara ya pili nikamfikiria huyo anayehamia, mama akipata maradhi na kulazwa, au akifariki, mtu ana wiki nne za kutoka. Wiki nne, na huenda na yeye amefiwa, maana mkishakaa pamoja mwaka mnakuwa mmezoeana. Hawajaweka hata sentensi moja ya kumtafutia nyumba nyingine, wanasema "tutajitahidi". Nyota nusu nimeikata hapo.

Binti wa kwanza alikuja, miaka 23, mwanafunzi, mpole, msafi, anaitika "abee bibi" kutoka chumbani hata akiwa amevaa spika za masikioni. Kwenye karatasi hakuwa na kosa. Na kila siku saa mbili usiku mimi napokea meseji kwenye aplikesheni, uso wa furaha, uso wa kawaida au uso wa huzuni, na mstari mmoja chini yake. "Leo ametembea hadi dukani." "Leo amelala mchana." Niseme ukweli niliipenda ile meseji kuliko kitu chochote. Nilikuwa naisubiri. Mama akipata uso wa furaha na mimi nalala vizuri.

Na kuna saa. Yale masaa kumi yanapimwa kwa kubonyeza, "anza" na "simamisha", asipofikisha kwa wiki mbili mfululizo anapata onyo. Kwa hiyo mama akianza kuongea, binti anatoa simu anabonyeza. Mama akinyamaza, anabonyeza. Mama kwa mwezi mzima aliamini anarekodiwa sauti, akawa anaongea kama yuko mahakamani.

Wiki ya sita au ya saba hivi nikapigiwa simu nikiwa kazini. "Nimeona jana nimepewa uso wa huzuni." Nikanyamaza. "Nani kakwambia nilikuwa na huzuni? Nilikuwa natafuta miwani." Halafu akasema kitu ambacho sikipendi kukikumbuka, "Nilidhani nimepata mwenzangu wa nyumba, kumbe mmeniwekea mlinzi, na analala kwenye chumba cha wanangu."

Binti wala hakuwa na kosa, aliambiwa ni sehemu ya kazi. Aliondoka baada ya wiki mbili kwa hiari yake, mitihani iko karibu, na mi nilijisikia vibaya kumwona anafunga mabegi kwa sababu ya tiki yangu. Hapa kampuni niwape haki yao, walimpatia nyumba nyingine ndani ya siku tisa na alipotoka kwetu alihamia moja kwa moja. Ila ada ya kuunganishwa, ile kubwa ya mwanzo, hawarudishi. Wanakupa nafasi moja ya pili bila malipo na hilo liko kwenye mkataba ila kwa maandishi ya kutafuta na tochi.

Katika kipindi hicho nimekasirika nikaanza kusoma hii biashara ilitoka wapi. Nikakutana na mama mmoja wa Marekani, Maggie Kuhn. Alistaafishwa kwa lazima alipofika miaka 65, mwaka 1970, akakasirika badala ya kupumzika, akaanzisha harakati za Gray Panthers za kupinga watu kubaguliwa kwa umri wao. Nyumba yake mwenyewe Philadelphia aliishi na watu wadogo kwake kwa miaka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaanzisha kituo cha kusukuma hili la watu kushirikiana nyumba. Kilichonigusa ni kwamba yeye ndo alikuwa mwenye nyumba, yeye ndo mwenye wazo, yeye ndo alichagua. Hakuna mtoto wake aliyemjazia fomu. Hakuwa na mtoto, ndo raha yake labda.

Na ile mifano mingine ambayo kampuni inaitangaza kwenye ukurasa wao, ukiichunguza haifanani na kinachotokea nyumbani kwa mama. Wanaitaja nyumba ya wazee ya Humanitas kule Deventer, Uholanzi, ambako tangu 2012 wanafunzi wachache wanaishi bure kwa masharti ya kutoa masaa 30 kwa mwezi wakiwa majirani wema. Wanaitaja Sällbo ya Helsingborg, Sweden, ilifunguliwa 2019, fleti 51, zaidi ya nusu ya wakazi wana miaka 70 na zaidi na waliobaki ni vijana, mkataba unasema mtu ajumuike na wenzake angalau masaa mawili kwa wiki. Ni mizuri sana. Lakini pale kila mtu ana mlango wake. Ukichoka na mtu unafunga, unamwona kesho kwenye ukumbi. Nyumbani kwa mama kuna bafu moja, sinki moja, rimoti moja. Ni kitu kingine kabisa na wasiuze kimoja kwa picha ya kingine.

Tukarudi ofisini kuomba hiyo nafasi ya pili. Kwenye viti vya kusubiri tulikuwa watu kama wanane, wote mabinti wa watu na mama zao, mzee wa kiume mmoja. Dada wa mapokezi akasema ndo hivyo siku zote, na ukifikiria inaeleweka, wanawake wanaishi muda mrefu kuliko wanaume na mara nyingi wameolewa na waliowazidi umri, kwa hiyo anayebaki na nyumba peke yake uzeeni mara nyingi ni mama. Mama akageuka kumwangalia yule mzee mmoja wa kiume na kusema, si kwa sauti ndogo, "Na huyu wakimwona atapata mtu leoleo."

Safari hii tulipewa mtu mwingine wa kutushughulikia, dada mtu mzima kidogo, na kama riviu hii ni ya yeye peke yake ningempa nyota tano na ya sita ningeichora mwenyewe. Alikuja nyumbani. Akakaa, akafungua fomu mpya, mi nikavuta kiti nikae karibu. Akaniangalia akasema, "Samahani dada, naomba utupishe." Nikadhani sijasikia. Akarudia. Nikaenda jikoni, nimekasirika, nimesimama kwenye sinki naosha kikombe kisafi. Walikaa dakika 40. Nikasikia mama anacheka mara mbili, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba awepo.

Fomu aliyoijaza mama haikufanana na yangu hata kidogo. Taarifa kwa familia: hapana. Masaa ya kulala: usiniulize. Msaada anaohitaji: aliandika "mtu wa kubishana naye". Rika: 45–64. Nikamuuliza yule dada mlangoni, mtu wa miaka hamsini na kitu anafuata nini kwenye chumba cha mtu. Akaniambia, "Unadhani wanaotengana na wenza wao wanaenda wapi?" Nikamkumbuka kaka yangu nikanyamaza.

Hapa sasa lawama yangu kubwa kwa hii kampuni. Tulisubiri miezi mitatu na zaidi kidogo. Sio kwamba watu wa rika hilo hawapo, ni kwamba hakuna anayewaambia kwamba wanaruhusiwa. Ile picha, kijana na bibi na mmea. Matangazo yote kijana na bibi. Mtu wa miaka 52 aliyetoka kwenye ndoa na masanduku mawili, watoto wameshakua, mshahara wake hautoshi kodi ya peke yake, akiona ile picha anajua haimhusu, si kijana na si bibi. Watu wa katikati wote tunachukuliwa kwamba tuna nyumba, tuna mwenza, tuna watoto, tumeshapangika, kazi yetu ni kuwajazia wengine fomu.

Aliyepatikana ni mwanamke, ana miaka 52 kweli. Alikuwa amelala kwenye kochi la binti yake miezi minne. Aliniambia baadaye kwamba kochi lile lilikuwa zuri tu na binti yake hakuwahi kumwonyesha sura mbaya, ila alikuwa anajikunja asubuhi mapema kabla mkwe wake hajaamka ili kusionekane kwamba kuna mtu alilala pale. Nikamkumbuka mama yangu na kunyata kwake saa kumi alfajiri, na sikumwambia.

Kuna wiki mbili za majaribio, hiki kipengele ni kizuri, msikiruke hata kama mmependana siku ya kwanza. Siku ya tatu waligombana kuhusu madirisha, mmoja anataka hewa mwingine anaogopa wezi. Siku ya tano redio. Nilivyosikia nikaanza kutafuta namba ya ofisi, mama akaniambia niache. Kumbe yule mama wa watu na yeye hulala usiku sana, anakuja sebuleni anaikuta redio inasema waziri kasema hivi na mama anamjibu waziri, na yeye anamjibu mama. Wanamalizana saa saba. Mwisho wa wiki ya pili wote wawili wakaandika ndiyo.

Kuitana nako kulikuwa na kasheshe kidogo. Alianza kumwita mama, heshima ya kawaida tu. Mama akamkatalia, "Umama ninao wa kunitosha, watatu hao. Niite dada." Sasa anamwita dada, na mi namwita yule mama mdogo kwa sababu sijapata jina lingine, na kaka yangu anayemkaribia umri hajui amwite nani kwa hiyo hamwiti kabisa, anasema "samahani" kisha anaanza sentensi.

Ile saa ya kubonyeza bado ipo na bado ni upuuzi. Wamepata dawa yake, Jumamosi asubuhi wanabonyeza "anza", simu inawekwa kwenye droo, jioni masaa kumi yametimia na kila mtu anaendelea na maisha yake. Ila fikiria kinachopimwa. Miezi miwili ilipita mama anakaa naye mezani kila jioni wanasoma makaratasi ya talaka ukurasa kwa ukurasa, mama amevaa miwani yake na kalamu nyekundu kama anasahihisha daftari. Nani anamsaidia nani hapo? Aplikesheni haina kitufe cha huo upande. Kwenye mfumo wao mama ni mtu wa kupokea tu.

Mwezi wa kumi mama akapata homa kali usiku. Aliyempeleka hospitali ni mama mdogo, akakaa naye mpaka asubuhi, mimi nikapigiwa saa kumi na mbili. Nikamshukuru mpaka nikalia. Siku mbili baadaye kampuni ikamtumia barua ya onyo kwamba ametoa huduma ya binafsi nje ya mkataba. Walijuaje sijui, nadhani aliandika mwenyewe kwenye ripoti yake kwa uaminifu. Sasa mi naelewa ile kanuni ipo kwa nini, isipokuwepo ndani ya mwaka mmoja mtu aliyekuja kukaa anakuwa nesi wa bure na familia inajifanya haioni, na ningekuwa mimi huenda ningekuwa wa kwanza kujifanya sioni. Kanuni naitaka. Barua ya onyo kwa mtu aliyekesha kwenye benchi la hospitali siitaki, na nilipowaandikia nilijibiwa na mashine mara tatu, kisha na mtu wa tatu ambaye hakujua kesi yetu kabisa kwa sababu yule dada mzuri alikuwa ameshahamishwa. Onyo walilifuta baadaye. Hawakuomba radhi.

Wiki ile ya homa kaka alihamia nyumbani kwa mama siku sita, bila kuambiwa na mtu. Alilala kwenye chumba chake cha zamani. Nilipoenda Jumapili nikakuta amekwangua stika zote kwenye kabati kwa kisu, nusu zimetoka nusu zimeacha gundi, kabati sasa ni baya zaidi.

Ada ya mwezi ilipanda mwaka ulipotimia, taarifa ilikuja kwa barua pepe na ikaenda kwenye takataka za barua pepe, kwa hiyo angalieni huko mara kwa mara. Bado ni ndogo ukilinganisha na kumwajiri mtu au kumpeleka mzazi kwenye nyumba ya wazee. Kwa mzazi anayehitaji uangalizi wa kweli, anayesahau jiko limewashwa, anayepotea njia, hapana, msije hapa, mtamwonea anayehamia. Kwa ambaye hataki mtu kabisa na mnataka kumlazimisha pia hapana, labda kwanza akae peke yake na yule dada wa fomu, kama mtabahatika kumpata. Na kama wewe ndo una miaka 45 au 58 na umelala kwenye kochi la mtu, ile picha ya mbele isikutishe, bonyeza tu, foleni ya wenye nyumba ni ndefu na wengine wanatafuta mtu wa kubishana naye.

Mkataba wa mama unaisha mwezi ujao. Jana nikamuuliza mnaendelea au mmefikia wapi. Akanijibu, "Waulize ofisini, si wewe ndo unayependa taarifa."